Jinsi ya Kuyatunza Maumivu ya Mgongo Yasikutoroke: Mwongozo kwa Watu wa Owino

Soko la Owino jijini Kampala, ambalo kwenye makaratasi huitwa Mtakatifu Balikuddembe, lipo jirani na uwanja wa Nakivubo tangu 1971. Limeungua zaidi ya mara moja, limefurika kila mfereji wa Nakivubo ulipochoka kubeba maji, na bado lipo. Linasimama juu ya migongo. Kila shati la mitumba linaloning'inia pale liliingia begani mwa mpagazi, likachambuliwa na mama aliyeinama, likapunguzwa kiuno na fundi aliyejikunja juu ya cherehani. Ikiwa unafanya kazi Owino na mgongo haukuumi, basi ama umeanza jana, ama wewe ndiye unayekodisha vibanda. Mwongozo huu ni wetu sisi wengine, tuliokwisha kuyapata maumivu na tungependa kuzeeka nayo.

Hatua ya 1: Beba kwanza, utafikiri ukiwa kitandani

Robota la mitumba huwa na kilo 45 hivi, na mengine huzidi hapo sana. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Pendekezo hilo halijaingia Owino, pengine kwa sababu vichochoro vimejaa wapagazi na halikupata pa kupita. Ukipewa robota moja, omba na la pili, maana unalipwa kwa mzigo. Toroli waachie wavivu. Wakati wa kuinua, nyoosha magoti, shika mzigo mbali na kifua, kisha mtu akikuita "Ssebo!" geuza kiuno ghafla na mzigo wako juu.

Mama wa kibandani asijione ameachwa nyuma. Kaa kwenye kigoda tangu alfajiri hadi jioni bila kuinuka. Mteja akitaka suruali ya chini kabisa ya fungu, ivute ukiwa umekaa. Na wewe fundi, chagua kiti kifupi ili shingo ipate kazi yake.

Hatua ya 2: Nunua dawa kwa rejareja

Usiulize dozi. Nunua vidonge viwili vya diklofenaki leo na viwili kesho, uvimeze kabla ya kula, kwa sababu rolex yako bado iko kwenye kikaango na mgongo hausubiri chapati. Dawa za ukoo huo husaidia kweli zikitumiwa kwa siku chache na kwa ushauri wa anayejua. Zikigeuzwa kifungua kinywa cha kila siku, huweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo. Tazama faida hiyo: uliingia dukani na ugonjwa mmoja, ukatoka na manne, na yote kwa bei ya rejareja.

Muhimu kuliko yote, usijumlishe. Wewe unayeweza kufungua robota na kujua kabla ya chai kama litarudisha mtaji, kalamu yako iweke chini linapokuja suala la mgongo. Ukikaidi, hesabu itakutibua. Tuseme vidonge na mafuta ya kuchua vinakula shilingi 2,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 52,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 624,000, na mgongo uko palepale. Sasa tuseme kliniki binafsi ya fiziotherapia inakutoza 70,000 kwa kikao, nawe ukaenda mara tano: 350,000. Hesabu za namna hii ndizo zinazovunja maumivu ya watu.

Hatua ya 3: Usikubali kuchunguzwa

Robota hununuliwa likiwa limefungwa. Ukibahatika, ni mashati daraja la kwanza. Ukikosa bahati, ni soksi za mguu mmoja. Nunua na tiba ya mgongo hivyohivyo. Muuza mitishamba mwenye kipaza sauti hana haja ya kukuona: chupa yake inatibu mgongo, presha, nguvu za kiume na mikosi ya biashara.

Mtaalamu wa fiziotherapia ana tabia mbaya ya kutaka kulifungua robota. Atakuuliza yalianza lini, yanashuka mguuni au yanabaki kiunoni, unalala vipi, unabeba nini. Atakuambia uiname, utembee kwa visigino, unyanyue mguu ukiwa umelala chali. Mtu anayeuliza maswali mengi hivyo bila kukukadiria kodi ni wa kuogopwa.

Hatua ya 4: Jifunge mkanda, lala, piga picha

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Lilipendekeza mazoezi na elimu kwa mgonjwa, na likashauri mikanda ya kiuno isitolewe kama tiba ya kawaida, wala uti wa mgongo usivutwe kwa mashine. Lilikuwa na sababu ya kujishughulisha: kwa hesabu zake, watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Wewe nunua mkanda, uuvae mpaka misuli isahau kazi. Kisha lala wiki mbili, ingawa kwa maumivu ya kawaida kuendelea kutembea taratibu hushinda kulala. Pesa ikibaki, kapige picha ya gharama kubwa. Itaonyesha pingili zilizochakaa, kama zilivyochakaa za jirani yako asiyeumwa popote, nawe utapata jina zuri la kuwatajia wageni.

Hatua ya 5: Ukijikuta fiziotherapia, vuruga

Ajali hutokea. Shemeji anaweza kukupandisha boda boda hadi Mulago, hospitali ya taifa yenye idara ya fiziotherapia. Uganda iliondoa ada katika vituo vya serikali mwaka 2001, kwa hiyo huko utalipa zaidi kwa foleni na nauli. Kliniki binafsi zina foleni fupi, lakini kila kikao ni makumi ya maelfu ya shilingi.

Hapa una kisingizio cha haki, na mwongozo huu hautakunyang'anya. Shilingi 2,000 hutoka mfukoni bila kuaga. 70,000 hutoka siku moja na kuacha shimo. Mpagazi anayelipwa kwa mzigo akikaa foleni nusu siku, watoto nyumbani wanaijua hiyo nusu siku. Bima ya afya ya taifa ingesaidia, ila muswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2021 haukutiwa saini ukawa sheria. Kwa hiyo anayesema "nenda tu fiziotherapia" bila kutaja nauli na siku iliyopotea, naye anauza robota lililofungwa.

Ukishafika, zuia hasara isigeuke faida. Dai kuchuliwa tu. Akikupa mazoezi ya kufanya nyumbani, yadharau kwa kuwa ni ya bure. Usimwambie unabeba nini, asije akakufundisha kuinua kwa miguu, kugawa mzigo na kupumzisha mgongo kati ya safari. Maumivu yakipungua kwenye kikao cha pili, usirudi, wala usimpigie kusema umeacha.

Ukifuata masharti yake, madhara yake ni haya: baada ya wiki kadhaa za mazoezi, maumivu hupungua, usingizi hurudi, unabeba tena bila kuogopa, na uwezekano wa mgongo kukushika upya hushuka. Hayafuti umri, na kwa wengine maumivu kidogo hubaki. Lakini mtu anarudi kazini akiwa na kitu cha kufanya siku mgongo unapochachamaa, na kitu hicho hakinunuliwi dukani.

Jambo moja halina utani

Mgongo ukiambatana na kushindwa kuzuia mkojo au choo, ganzi sehemu za siri, au miguu kuishiwa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukiambatana na homa, jasho la usiku na kukonda, nenda mapema pia, kwa sababu kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo. Hapo mazoezi si ya kuanza nayo.

Kwa mgongo wa kawaida wa Owino, uongozi wa soko uongeze matoroli na kuacha njia zinazopitika. Hiyo ni fiziotherapia ya wapagazi wote kwa mkupuo mmoja. Wewe nawe, kama umechoka kuyalea maumivu, jumlisha unachotumia kwa mwezi, uliza bei kabla ya kupanda kitandani, mwambie mtaalamu waziwazi una pesa ya vikao vingapi ili akupangie mazoezi ya nyumbani tangu siku ya kwanza. Kisha uyafanye.