Barua kwa Wizara ya Ulinzi ya Uingereza Kuhusu Kiinua Mgongo

Mabwana wa London,

Nawaandikia kutoka Feri ya Likoni, upande wa kisiwani. Hapa anayevuka kwa miguu halipi hata ndururu, wala haulizwi rangi. Ni katika bandari hii ya Kilindini ambapo meli ya Khedive Ismail iling'oa nanga Februari 1944, imejaa askari. Siku chache baadaye Wajapani waliizamisha karibu na Maldivi, wakafa watu 1,297. Lakini leo sikuja na tanzia, nimekuja na hesabu.

Vita vilipokwisha, kiinua mgongo mlikipima kwa cheo, kwa muda na kwa ngozi: Mzungu alipata hadi mara 3 ya Mwafrika wa cheo kilekile. Risasi za Burma hazikuwa na ustaarabu huo.

Mliokoa fedha, sikatai. Ila rahisi huvunja upishi. Mtazameni Waruhiu Itote wa Nyeri. Aliingia Keya, jeshi lenu la askari wa Kiafrika, mwaka 1942, akapelekwa Ceylon, kisha Burma, akarudi koplo. Vita vya msituni alivijulia kwenu, kwa gharama zenu. Halafu mkamwacha achochee moto kwenye garimoshi. Mlidhani ujuzi ule unarudishwa stoo pamoja na blanketi?

Akaingia msitu wa Mlima Kenya kupigana nanyi, akawa Jenerali China. Kwenu angesubiri cheo hicho hadi kiyama. Januari 1954 mkamkamata, mkamhukumu kunyongwa, mkaghairi, mkamfunga Lokitaung pamoja na Jomo Kenyatta, ambaye akamsomesha Kiingereza. Serikali gani nyingine humfunza adui yake vita, kisha ikamtafutia na mwalimu? Uhuru ulipopatikana alipewa uongozi katika Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), akawalea vijana wetu hadi alipostaafu 1984. Alifariki 1993. Asanteni kwa mchango wenu, japo haukukusudiwa.

Sasa lifungueni daftari la kiinua mgongo. Wazee wa Burma waliosalia ni wa kuhesabu kwa vidole, lakini wajane na watoto wapo. Kungoja mdai afe ni mbinu nzuri ya kivita, ila kwenye madeni kuna warithi. Leteni ile tofauti. Riba tutaizungumza, na tafadhali msitulipe kwa bei ya sukari ya 1945.

Ni mimi mtumishi wenu mtiifu (ndivyo mlivyotufunza kumalizia barua),

Mvukaji wa Feri, Mombasa