Godoro Linalohama Usiku

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kiritiri, kaunti ya Embu, amemwandikia mshauri wa safu hii barua ya kurasa mbili, kwa mwandiko wa ubaoni, kila aya na namba yake. Kijana wake aliye Uingereza alimtumia kitanda cha mota, kile ambacho mtu akibonyeza rimoti mgongo unainuka na magoti yanakunjika. Mgongo wa mwalimu, uliochoshwa na miaka ya kuinamia madaftari, ulishukuru. Kitanda chenyewe hana neno nacho. Mgogoro ni godoro. Wiki huanza likiwa limegusa ubao wa mchagoni. Kila alfajiri analikuta limeteremka zaidi kuelekea miguuni, na nyuma ya kichwa chake pana shimo ambalo limekwisha kumeza mto, miwani na redio ndogo. Mama watoto anasema mwalimu hugaagaa. Mwalimu, katika aya ya saba, anakana. Ametia saini: "Anayeteremka".

Mshauri anaanza kwa kumtetea. Hata mtu anayelala bila kutikisa kidole angelihamisha godoro hilo, mradi kila jioni anainua mgongo wa kitanda kutazama habari za saa moja na kuushusha zikiisha.

Jambo lenyewe ni hesabu, na mwalimu ataipenda. Kitanda cha aina hii kimegawanywa vipande vitatu au vinne vilivyoungwa kwa bawaba. Kipande cha mgongo kinapoinuka, upande wa chini wa godoro unaufuata ubao bila kubadili urefu, lakini upande wa juu, alipo mlalaji, hauna budi kufupika. Kwa kiasi gani? Unene wa godoro mara pembe ya mkunjo, pembe ikipimwa kwa radiani. Godoro la inchi 6, yaani sm 15 hivi, likikunjwa nyuzi 60, upande wa juu unadaiwa takribani sm 16. La inchi 10 linadaiwa karibu sm 27. Sponji si mlipaji mzuri wa madeni. Badala ya kujibana yote, inasukuma, na inasukuma kule kusiko na kizuizi. Juu ya hapo kuna uzito wa mwalimu mwenyewe, ambao mgongo ukiinuka unavutwa kuelekea miguuni na kulikokota godoro pamoja nao. Kitanda kikilazwa, godoro halirudi lote lilikotoka. Sentimita mbili leo, mbili kesho, na Ijumaa miwani imezama. Asiyeamini achukue daftari nene la kurasa 200, alibane upande mmoja kisha alikunje: aone kingo za kurasa zinavyopishana.

Hapo pia ndipo penye jibu la wale wanaojisifu kwa magodoro marefu ya kupandiwa kwa stuli. Juu ya kitanda cha kawaida, raha tupu. Juu ya kitanda cha kukunjika, kila inchi inayoongezwa ni nguvu ya kuteleza iliyonunuliwa kwa pesa taslimu. Magodoro ya wodini ni membamba kwa sababu hiyo, wala si kwa ubahili wa serikali peke yake. Nayo ni ya sponji, kwa kuwa godoro la springi zilizofungamanishwa na waya wa pembeni hugoma kukunjika, na likilazimishwa huvunjika.

Vitanda hivi havikuanza juzi. Mwaka 1909 daktari wa upasuaji wa Marekani, Willis Gatch, alieleza kitanda cha vipande vitatu kilichomwezesha mgonjwa aliyepasuliwa kukaa badala ya kulala chali. Wakati huo madaktari walikwisha kujua faida ya kumkalisha mgonjwa wa tumbo. Kilichowashinda ni kumzuia asiporomoke. Gatch aliinua mgongo, kisha akainua na magoti, ili mapaja yawe ngazi ya kumzuia mtu asishuke. Vitanda vya wodini vyenye mikono ya kuzungusha miguuni, ambavyo kila aliyewahi kumpelekea mgonjwa uji hospitalini amevigonga kwa ugoko, vimetokana na wazo hilo.

Kwa hiyo dawa ya kwanza haina gharama. Magoti kwanza, mgongo baadaye. Mwalimu abonyeze kitufe cha magoti, ayainue kiasi, ndipo ainue mgongo. Akishuka, atangulize mgongo, magoti yafuate. Wengi hufanya kinyume kwa sababu kitufe cha mgongo ndicho kilicho juu kwenye rimoti.

Dawa ya pili inahitaji utepe wa fundi cherehani. Mwalimu, Mungu ambariki, aliambatanisha vipimo. Kitanda kina sm 90 kwa 200, kipimo cha kawaida huko Ulaya. Godoro alilinunua Embu mjini, futi 3 kwa 6, maana kijana alituma kitanda bila godoro ili kupunguza mzigo. Futi 6 ni sm 183. Yaani godoro lilikuwa na sm 17 za uhuru tangu siku lilipotolewa kwenye karatasi ya plastiki! Mama watoto asomewe sentensi hiyo mara mbili. Muuza magodoro anayekata sponji kwa oda anaweza kumkatia la urefu kamili, au amkatie kipande cha sm 17, ugumu na unene uleule, kitiwe miguuni ndani ya foronya moja na godoro. Kikiwekwa nje ya foronya, kitahama chenyewe, na barua nyingine itaandikwa.

Kisha kuna kizuizi cha miguuni, na hapa mshauri ana maoni makali: kitanda cha mota kisicho na kizuizi cha miguuni kimeuzwa nusu. Ni chuma chembamba kilichopindwa pembe mbili, kinachosimama sm 10 hivi juu ya ubao na kulikinga godoro. Mafundi wa jua kali hawashindwi na kazi hiyo. Mwaka 2020, Korona ilipobana, serikali ya kaunti ya Bungoma iliagiza vitanda vya hospitali kutoka kwa fundi wa Githunguri, Kiambu, sembuse kipande cha nondo. Ila mwalimu amwambie fundi mambo mawili. Chuma kifungwe kwenye kipande cha miguu kinachoinuka na kushuka, kisifungwe kwenye fremu iliyosimama, ama sivyo godoro litainuka na kukiacha chuma chini kimeduwaa. Na kifungwe kwa boliti. Fundi akisisitiza kuchomelea, basi nyaya za mota zichomolewe zote kwanza, kwani umeme wa kuchomelea ukipita kwenye kisanduku cha rimoti, kitanda kitabaki kilivyo milele.

Mwisho ni utelezi. Ubao uliopakwa rangi ya kung'aa, juu yake godoro la raksini: hapo hakuna kinachoshika kitu. Wavu wa mpira unaowekwa chini ya zulia unafaa. Asiyeupata apasue tyubu ya lori, aioshe kwa sabuni mpaka unga mweupe wa ndani uishe, aikate na kuibandika katikati ya kitanda, pale panapokaa makalio, kwa sababu hicho ndicho kipande kisichosogea. Godoro likishikwa katikati na kuzuiwa miguuni, upande wa kichwani uachwe huru upumue.

Barua ya pili ilitoka kwa mwendesha bodaboda wa stendi ya Kiritiri, mtu wa vitendo. Baba yake alipopewa kitanda cha kuzungusha kwa mkono, yeye hakuuliza mtu. Alichukua blada zilezile anazofungia magunia ya ndengu, akalifunga godoro mara tatu, juu hadi chini, akakaza kwa goti. Mzee alipoinuliwa, godoro lilijikunja katikati na kumfumbata, miguu nje, kofia nje, na matusi ya Kimbeere ambayo safu hii haiwezi kuyachapa. Kijana anauliza kama angeongeza blada ya nne.

Hapana. Hizo tatu azifungue. Kosa si blada. Hospitalini pia magodoro hufungwa kwa mikanda, hasa yale ya hewa. Kosa ni mahali pa kufungia. Mkanda hufungwa kwenye kipande cha kitanda kinachosogea pamoja na sehemu ileile ya godoro: wa mgongo kwenye kipande cha mgongo, wa miguu kwenye kipande cha miguu. Yeye alifunga kwenye fremu isiyosogea, hivyo mgongo ulipopanda, blada zilivuta kurudi chini na sponji ikakosa pa kwenda. Wala mkanda usipite juu ya mahali anapolala mtu. Upite pembeni, kwenye kona, ukishika foronya iliyoshonewa vitanzi. Pole nyingi kwa mzee.

Kuna barua ambayo mshauri hakuicheka. Mkaza mwana kutoka upande wa Gachoka anamtunza mama mkwe aliyepata kiharusi. Familia ilinunua kitanda cha mitumba chenye reli za pembeni, na godoro likatafutwa baadaye, lolote lililotosha. Nalo huteleza. Asubuhi moja alimkuta mama amelalia ubavu, mkono umeingia kati ya godoro na reli. Hakuumia. Anauliza ajaze pengo kwa mito au kwa blanketi kuukuu.

Asijaze kwa mito. Kitu laini hubonyea na kutumbukia pamoja na mtu. Nchini Marekani, kati ya mwaka 1985 na mwanzo wa 2013, mamlaka ya chakula na dawa ilipokea ripoti 901 za watu walionaswa kwenye vitanda vya hospitali, na 531 kati yao walifariki. Wengi walikuwa wazee, dhaifu au waliochanganyikiwa. Mwaka 2006 mamlaka hiyo ilitaja sehemu saba za kitanda zinazoweza kumnasa mtu. Pengo kati ya reli na godoro ni mojawapo, na kipimo chake ni kwamba lisifike sm 12, ili kichwa kisipite. Pengo kati ya ncha ya godoro na ubao wa mchagoni au wa miguuni nalo limo kwenye orodha.

Basi apime, na anapopima aukandamize ukingo wa godoro kwa kiganja, kwa kuwa usiku uzito wa mama ndio utakaoukandamiza. Pengo likiwa kubwa, godoro libadilishwe kwa lenye upana wa kitanda, hata kama linahitaji harambee ndogo ya watoto. Hii si gharama ya kuahirishwa mpaka mavuno. Kwa sasa kitanda kishushwe chini kabisa, na mtu alale chumba kimoja naye.

Na kuteleza kwenyewe kunadhuru hata pasipo reli. Mama akiporomoka, ngozi ya makalio hubaki imenata kwenye shuka huku mifupa ikiteremka, na vidonda vya kulala huanzia hapo. Asipokuwa anakula, mgongo usizidi nyuzi 30. Wakati wa kula ainuliwe zaidi asipaliwe, na akae hivyo nusu saa au zaidi baada ya mlo. Akiwa ameshuka, kitanda kilazwe sawa kwanza, ndipo watu wawili wamwinue kwa shuka iliyotandikwa chini yake. Kumvuta kwa makwapa kunaumiza bega la upande uliopooza. Makintoshi ya mpira ikihitajika, iwe kipande kidogo chini ya shuka ya pamba, isitandikwe kitanda kizima. Wauguzi wa hospitali kuu ya rufaa ya Embu wanaweza kumwonyesha mara moja kwa mikono yao, na hiyo itamfaa kuliko aya hizi.

Mwanafunzi wa kidato cha pili, bwenini, juu ya dabodeka, analalamika kwamba godoro lake huruka usiku. Uchunguzi wa safu hii umebaini kuwa aliye kitanda cha chini ana miguu mirefu na chaga ziko mbalimbali. Aombe chaga mbili za ziada, au aombe jirani mfupi.

Ya mwisho ni ya mama mwenye duka karibu na stendi, mwenye kitanda cha mota na hasira. Kiritiri i jirani na mabwawa ya mto Tana: Kindaruma iliyoanza kuzalisha umeme mwaka 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga, Kiambere. Nguzo kubwa za nyaya zinapita zikienda kuiwashia Nairobi. Lakini usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipoingia gizani, yeye alikuwa ameinuliwa mgongo na magoti yamekunjwa, na hivyo ndivyo alivyolala, godoro likishuka taratibu naye akilifuata. Anauliza amshtaki nani.

Suala la mashtaka mshauri analiachia mawakili. Kuhusu kitanda, mama atafute chini ya kitanda, kwenye waya unaotoka ukutani kwenda kwa mota, kisanduku cheusi cha ukubwa wa sabuni ya kipande. Vitanda vingi vya aina hii vina nafasi ya betri mbili za volti 9 ndani yake, kwa ajili ya kukishusha umeme ukikatika. Mara nyingi nafasi hiyo huwa tupu, au ina betri zilizokauka tangu kiwandani. Yeye anauza betri. Achukue mbili kwenye rafu, azitie usiku huuhuu, achomoe waya ukutani na kujaribu kama mgongo unashuka, na kwenye daftari la duka aandike kwamba zimelipiwa.