Bibi Harusi Aitwaye DSC_0412

Mpiga picha za harusi siku hizi hakupi albamu, anakutumia linki. Unafungua, na chini ya picha ya bibi harusi unasoma: DSC_0412. Mama mzazi, aliyekesha akisimamia pilau, ni DSC_0413. Ndiyo majina yaliyotoka kwenye kamera, na hakuna aliyejisumbua kuyabadili.

Usidhani bwana huyu ni mvivu wa maelezo. Pembeni kaweka aina ya kamera, lenzi ya milimita 85, f/1.8, ISO 3200. Shangazi anayesaka picha yake akiwatunza maharusi ISO ataila na nini? Tarehe nayo ni 1 Januari, saa sita usiku kamili: kamera ilikaa bila betri, saa yake ikarudi mwanzo, basi. Ukiisadiki tarehe hiyo, ndoa ilifungwa kabla mahari haijatolewa.

Hata hivyo, afadhali yeye kuliko binamu aliyeandika kwa madaha chini ya picha yake "Dubai, raha tupu", huku simu yake, isiyojua kutunza siri, imehifadhi ndani ya picha ileile latitudo na longitudo za Mbagala.