Jinsi ya Kupata Ubunge Bila Kuwasumbua Wapiga Kura

Ndugu mtia nia, hongera. Mambo ya Dar es Salaam yamekunyookea, umekumbuka kwamba babu yako alizikwa Igowole, na ghafla unaona uchungu na maendeleo ya jimbo la Mufindi Kusini. Usitishwe na yaliyotokea mijini. Ni kweli Iringa Mjini walimpeleka bungeni Mchungaji Peter Msigwa wa CHADEMA mwaka 2010 wakarudia 2015, na Mbeya Mjini wakafanya vivyo hivyo kwa Joseph Mbilinyi, yule Sugu wa bongo fleva. Wewe unakwenda kwenye chai na mbao, ambako shati la kijani la CCM halihitaji maelezo. Fuata hatua hizi.

1. Anza na misiba. Jifunze kusalimia "kamwene" bila kigugumizi, kisha usikose msiba wala harambee ya kanisa. Kuhusu bahasha, kuwa makini. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 iliruhusu takrima, Mahakama Kuu ikaifuta 2006. Tangu hapo hakuna anayetoa takrima. Watu hutoa nauli.

2. Hesabu vichwa vinavyohesabika. Usipoteze muda na makumi elfu ya wapiga kura. Mwaka 2020 kura za maoni za CCM zilipigwa na wajumbe tu, mamia kwa jimbo zima. Wajue kwa majina, watoto wao, hata ng'ombe wao. Watakula, watakunywa, watakuapia, kisha matokeo yatatoka na utaelewa kwa nini mwaka ule nchi nzima ilikuwa ikisema "wajumbe si watu". Ukiongoza, usisherehekee bado: kalamu ya mwisho iko kwenye vikao vya juu vya chama. Ukiipita hiyo, uchaguzi wako umekwisha. Kilichobaki ni sherehe.

3. Ahidi yaleyale. Lami, maji, zahanati, bei ya majani mabichi ya chai. Usibuni ahadi mpya. Wazee wameshazizoea hizi na watakusahihisha ukisahau moja.

4. Iachie siku yenyewe ifanye kazi. Wamarekani waliweka uchaguzi wao Jumanne ya mwanzoni mwa Novemba kwa sheria ya 1845, kwa kumfikiria mkulima aliyekwishavuna na anayesafiri kwa gari la farasi. Sisi hupiga kura mwishoni mwa Oktoba, mkulima akiwa shambani anaandaa ardhi huku jicho moja likitazama mawingu. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, na kila mtu hupiga pale alipojiandikishia. Kijana aliyeandikishwa Igowole akaenda kupasua mbao wilaya nyingine anabaki na kichinjio chake, yaani kadi ya mpiga kura, mfukoni. Usihuzunike. Sheria haidai idadi yoyote ya chini ya wanaojitokeza. Wakija kumi, sita wakakuchagua, umeshinda kwa kishindo.

5. Epuka mpinzani kwa gharama yoyote. Hapa ndipo wengi huharibu. Mwaka 2010 waliopiga kura nchini walikuwa takriban 43 kati ya kila 100 walioandikishwa. Mwaka 2015 Edward Lowassa akatoka CCM, akagombea urais kwa mwavuli wa Ukawa, muungano wa upinzani, na waliojitokeza wakapanda hadi 67 kwa kila 100. John Magufuli wa CCM alishinda kwa asilimia 58 tu. Mwaka 2020 ushindani uliponywea, waliopiga kura wakarudi karibu na nusu. Umeona hatari? Mpinzani huamsha watu. Kagua fomu yake vizuri, yaweza kuwa na kosa la kujaza. Heshima kuu ilikuwa kupita bila kupingwa, kama ilivyokuwa Ruangwa mwaka 2020 kwa Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo.

6. Usinukuu mwaka 2025. CHADEMA haikuwa kwenye karatasi ya kura, damu ilimwagika, na hapo mzaha unakoma. Tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba asilimia 87 walijitokeza na Rais Samia Suluhu Hassan akapata karibu 98. Waangalizi wa SADC walisema katika maeneo mengi wapiga kura hawakuweza kueleza matakwa yao ya kidemokrasia. Hesabu ya hatua ya tano haiwezi kueleza takwimu hizo, na mwongozo huu haujaribu.

7. Ukiulizwa kuhusu foleni fupi, jibu: "Wananchi hawana mwamko." Jibu hilo halijawahi kumgharimu mtu kiti. Lakini usilitoe karibu na kituo cha kununulia majani ya chai. Watu haohao wasio na mwamko wamepanga foleni pale, vikapu mgongoni, mvua ikiwanyeshea, kwa sababu wanajua mshale wa mizani husogea kwa kadiri ya walichokileta. Wanaweza kukuuliza kama mshale wa sanduku la kura nao husogea.