Namna ya Kuachana kwa Gharama Inayolingana na Hadhi Yako

Umeshaamua kuachana, ndugu yangu, na mimi sina neno. Ila nasikia unauliza talaka ni bei gani, eti upunguziwe. Hapo ndipo umeniudhi. Mtu aliyeoa kwa kamati, vikao kila Jumapili na kadi za mchango mpaka kwa fundi viatu, anaachanaje kimyakimya kama anayerudisha kreti la soda dukani? Kaa hapa nikuelekeze.

1. Liruke baraza. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro wenu upitie kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Likishindwa kuwapatanisha, linawapa hati ya kwenda nayo mahakamani. Gharama yake ni nauli, na aibu ya kuhojiwa na wazee wanaokujua tangu unavaa kaptula. Wewe pita mbele ukafungue shauri bila hati. Likitupwa, utarudi kwa wazee walewale, kisha utafungua upya na kulipa upya. Kama ulishaichukua hati, ifungie kabatini ukae kununa. Ikipita miezi sita haikusaidii tena, na mtaanza wimbo kutoka ubeti wa kwanza.

2. Idharau Mahakama ya Mwanzo. Ipo karibu na kwenu, ada zake ndogo, kila kinachosemwa kinasemwa kwa Kiswahili, na sheria inairuhusu kusikiliza kesi ya talaka kama inavyoiruhusu Mahakama Kuu. Lakini wewe, na suti yako ile, ukae benchi moja na watu wa kesi ya kuku? Panda juu. Tafuta wakili wa ghorofani mwenye kiyoyozi. Akitaka kukutajia bei ya kesi nzima mpaka hukumu, mkatize: "Wakili, sisi tutaongea tu." Kauli hiyo imejenga nyumba nyingi hapa mjini, hakuna hata moja ya mteja.

3. Gombania kila kitu, hasa kisicho na thamani. Hapa ndipo mabingwa wanapojulikana, na bingwa wangu ni binamu yangu. Nyumba na kiwanja walielewana kwa mchana mmoja. Wakakwama kwenye friza. Friza lenyewe lilikuwa kwa mama mkwe, mlango unafungwa kwa kamba ya katani, gesi ilishaisha zamani. Binamu akasema lile ni jasho lake. Zikapangwa tarehe nne. Kila tarehe bajaji kwenda na kurudi, chai na chapati za mashahidi wawili, mmoja wao fundi aliyewahi kulitengeneza, naye akadai fidia ya siku aliyofunga kibanda. Mara hakimu yuko likizo, mara wakili wa upande wa pili anaumwa. Kila kesi ikiahirishwa, binamu alitoka nje amenyoosha kifua kama mshindi. Nilimwuliza bei ya friza jipya. Akaniambia mimi sielewi mambo ya msimamo.

4. Ficha mali kwa ndugu. Andika gari kwa jina la mjomba. Mahakama ina uwezo wa kutengua uhamisho uliofanywa ili kumkwepa mwenza, lakini hilo lisikutishe kama linavyonitisha mimi suala la mjomba mwenyewe. Gari likishasoma jina lake kwenye kadi, ataanza kuliosha kila asubuhi. Baada ya mwezi atakuuliza unataka kuliazima lini. Hapo utahitaji wakili wa pili. Nyumba ya familia ni ngumu zaidi, maana huwezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzako. Jaribu tu, utapata na kesi ya tatu.

5. Simama mahakamani useme kwa sauti: "Huyu alikuwa anakaa tu nyumbani." Hapa niwe mkweli kidogo, tukiwa wawili. Tangu 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilishasema kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa. Sasa usikimbilie kuniambia kuwa Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu. Najua. Mahakama iliona mume alishampa pesa naye akazitapanya. Ila kanuni ilibaki, na miaka yote hii watu wa aina yako wanaendelea kulipia mawakili ili waambiwe jambo lilelile. Usiwe wa mwisho.

6. Watoto wafanye matarishi. Sina la kuongeza hapa, kila mtu anajua namna yake, na bili yake huja baadaye.

Jihadhari na waharibifu. Kuna watakaokushauri mkae mezani na mtu mmoja mnayemheshimu wote, muandike orodha ya mali na madeni, mkubaliane matunzo ya watoto, kisha mahakama ibaki na kazi ndogo. Wengine watakuelekeza kwa wasaidizi wa kisheria, ambao kwa sheria ya 2017 wapo kwa ajili ya wasio na uwezo, na hawachukui malipo. Watu hao wakimbie. Wanaweza kukumalizia kesi ukiwa bado na akiba.

Ukishindwa, usilie. Una siku 45 za kukata rufaa, na wakili wako tayari anazihesabu.

Binamu alishinda friza. Hakwenda kulichukua, maana kirikuu cha kulibeba kilikuwa ghali. Mama mkwe anawekea mkaa.