Jinsi ya Kumwokoa Samaki Dukani Bila Kumwagizia Mwenzake Mateso

Mwongozo huu ni wako wewe uliyeingia duka kubwa la wanyama huko Marekani kununua chakula cha paka, ukajikuta umeganda mbele ya rafu ya vikombe vya plastiki. Ndani ya kila kikombe yumo beta mmoja, yule samaki mdogo mwenye mapezi marefu ya rangi kali. Mmoja amelala chini, mkia umeliwa, maji yake yamechafuka. Mkono wako umeshaanza kunyanyuka. Usiuonee aibu: huruma hiyo ni njema. Ila kabla haujafika kwenye kikombe, pitia hatua hizi.

Hatua ya 1: Mkono ubaki hewani, pochi ibaki mfukoni

Daftari la duka halina safu ya samaki walionunuliwa kwa huruma. Kuna waliouzwa na kuna waliokufa. Aliyeuzwa ni mapato, na nafasi yake hujazwa. Aliyekufa ni hasara, na hasara ndiyo inayoweza kumfanya meneja ajiulize kama anaagiza wengi mno au anawatunza ovyo. Ukimlipia mgonjwa, hata kwa nusu bei, umeifuta hasara hiyo na kuchangia nauli ya mwingine.

Hapa pana uchungu wa kweli. Samaki aliye mbele yako hajui habari za soko. Anachojua ni maji yanayomchoma. Mimi nasimama na wale ambao bado hawajafika rafuni, kwa sababu ni wengi na hakuna anayewaona. Lakini huyu naye asipewe mgongo, na ndiyo maana hatua hazijaisha.

Hatua ya 2: Mjue unayemtetea

Jina lake la kitaalamu ni Betta splendens. Kwao ni Thailand, nchi iliyomtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa mwaka 2019. Madume wakikutanishwa hupigana, kwa hiyo ni sawa kuwatenganisha. Kuwatenganisha, lakini, hakudai kikombe.

Muuzaji atakwambia kwamba hata kwao wanaishi kwenye vidimbwi. Mjibu kwa upole kwamba kwao ni mashamba ya mpunga na vinamasi: maji hayana kina kirefu, lakini ni mapana, yana joto na yamejaa majani ya kujificha. Beta anahitaji nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi na tangi la lita 20 hivi. Ana kiungo maalumu kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji, kwa hiyo hafi upesi pale ambapo samaki wengine wangekosa oksijeni. Ustahimilivu huo ndio uliomponza, kwani watu wanadhani asiyekufa hateseki. Kumbe taka zake hutoa amonia, na amonia huunguza matamvua na ngozi. Kadiri maji yalivyo machache, ndivyo sumu inavyokolea haraka.

Hatua ya 3: Muite meneja, na uwe na adabu

Kijana anayepanga vikombe hakutunga utaratibu huu, na pengine ndiye pekee dukani anayewahurumia samaki hao. Usimgombeze. Muombe akuitie msimamizi, kisha sema jambo moja linaloweza kufanyika papo hapo: "Samahani, huyu wa rafu ya pili amelala chini na maji yake ni machafu. Mnaweza kumbadilishia sasa hivi nikiwa hapa?" Piga picha, andika tarehe. Rudi baada ya siku chache uangalie.

Wakikwambia hawana namna ya kumtibu, waombe wakupe bure. Wengine watakubali, wengine watakataa. Wakikataa, usilipe. Andikia makao makuu ya kampuni, uambatanishe picha, na uwaeleze kwamba chakula cha paka nacho utakinunua kwingine. Hapo utakuwa umesema kwa lugha ya mauzo wanayoielewa.

Hatua ya 4: Ijue sheria ya pale ulipo

Katika England na Wales, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 inamlinda kila mnyama mwenye uti wa mgongo, samaki akiwemo, na inakataza kumuuzia mnyama mtoto wa chini ya miaka 16. Katika England, duka la wanyama linahitaji leseni ya halmashauri, kwa hiyo lalamiko lako lina mlango wa kubisha. Marekani, sheria ya shirikisho ya ustawi wa wanyama ya mwaka 1966 inahusu wanyama wenye damu moto tu. Samaki amebaki nje. Huko itakubidi utazame sheria za jimbo na za mji. Pengo hilo ni kubwa kuliko kikombe chochote, na kumwandikia mbunge kunaweza kuwafaa samaki wengi kuliko ununuzi wako mmoja.

Hatua ya 5: Usimpokee kabla maji hayajawa tayari

Waswahili husema tenda wema nenda zako. Kwa samaki, wema ndiyo kwanza unaanza mkifika nyumbani. Tangi jipya lina maji yanayong'aa, lakini halina bakteria wa kuigeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitreti isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huota kwenye kichujio, na mara nyingi huchukua wiki nne hadi sita kutosha. Ukimtumbukiza mgonjwa humo leo, umemhamisha kutoka sumu iliyopo kwenda sumu inayokuja.

Basi andaa mapema. Omba kipande cha sponji ya kichujio kutoka kwenye tangi la rafiki lenye samaki wazima. Humo bakteria wamo tayari. Maji ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini. Mgonjwa mweke peke yake, ukimchunguza kama ana vidoa vyeupe au ukungu, na maji ya dukani usiyamimine kwenye tangi lako. Kama huna vitu hivi, kumwacha ni uamuzi wa mtu anayejua mipaka yake.

Hatua ya 6: Usimwachie mtoni

Kumwokoa hakumaanishi kumwaga ndoo ziwani. Samaki wa dhahabu waliotupwa na wafugaji wamezaliana katika maziwa na mito ya Amerika Kaskazini na kuharibu makazi ya wenyeji wa maji hayo. Sisi wa Ziwa Victoria hatuhitaji somo refu: sangara aliletwa miaka ya 1950 na watu waliodhani wanatenda jema, na aina nyingi za furu zimetoweka.

Hatua ya 7: Ujue pia lini kupona hakuwezekani

Kuna atakayefika kwako akiwa amechelewa. Usimmwage chooni, usimtie kwenye friza. Muulize daktari wa mifugo kuhusu mafuta ya karafuu, ile ile ya Pemba na Unguja. Yana eujenoli, ambayo kwa kiasi kidogo humlaza samaki, na kwa kiasi kikubwa humwezesha kufa akiwa usingizini. Kumpa mwisho usio na maumivu ni sehemu ya kumwokoa.

Hatua ya 8: Sasa mkono wako una kazi

Pochi ingali mfukoni na huruma ingali moyoni. Wapo watu wanaohama nyumba, wazee walioshindwa kuinua ndoo, wanafunzi waliomaliza chuo, wote wakiwa na matangi na samaki, na wasijue pa kuwapeleka. Watafute kupitia vyama vya wafugaji wa samaki na vituo vya kulelea wanyama. Chukua mmoja wa hao, umpe maji mapana na joto la kutosha, kwa miaka yake yote. Samaki huyo alihitaji msaada sawa na yule wa kikombe, na kwa kumpokea hujamlipa mtu yeyote alete mwingine.