Ree Tatu na Kopa za Watu

Kuna mcheza poka ambaye akishika ree mbili hupanda cheo papo hapo: mgongo unanyooka, sauti inakuwa ya kibalozi. Meza ya Las Vegas ikimfungulia ree ya kopa, 9 ya kopa na 4 ya pau, sasa ana ree tatu, na hapo ndipo ujanja unapompanda. Hapandishi dau. Anagonga meza kwa kidole, anapita, ati awavute wenzake.

Wanavutika kweli. Anayesaka kopa anaoneshwa karata ya nne bila kulipa hata senti, na karata yenyewe ni 6 ya kopa.

Sasa bwana mkubwa anaamka. Alipokuwa mbele alinyamaza. Kopa tatu zimelala mezani ndiyo anasukuma rundo zima! Wenye vijikarata wanakimbia, kama ilivyotarajiwa. Anayebaki ni yule mtulivu mwenye kopa mbili mkononi, tena analipa bila hata kukuna kichwa.

Haki itendeke: hajafa bado. Kati ya karata 46 asizoziona, 10 zinaweza kumwokoa, yaani ree ya mwisho au pacha wa 9, 4 au 6. Ni kama mara moja kwa tano. Inakuja 2 ya uru.

"Nilijua tu unazo kopa!" anafoka. Kujua alijua, na pesa akatoa. Kisha anamgeukia mgawaji kwa jicho la lawama, kana kwamba ile karata ya bure aliitoa mgawaji.